Kazi ya Marehemu

"Futa," nilimwambia.

Yule kijana wa dirishani alinitazama kama mtu aliyesikia kuku akiongea. Ilikuwa mara yangu ya tatu kwenda ofisi ile, mtoto mgongoni, na mvua ya rasharasha ambayo hainyeshi wala haiachi. Mara ya kwanza niliambiwa mtandao hakuna. Mara ya pili nikaambiwa mwenye muhuri yuko msibani, na mimi nilikuwa nimetoka msibani, ndiyo maana nilikuwa pale. Mara ya tatu nikapewa karatasi nihakiki kabla cheti cha kifo hakijachapwa. Jina la shangazi yangu lilikuwa sawa, tarehe sawa, mahali sawa. Chini yake kulikuwa na kisanduku cha Kazi ya Marehemu, na ndani yake yule kijana alikuwa ameandika: Hana.

"Nifute nini, mama?"

"Hapo. Alikuwa na kazi."

"Kazi gani?"

"Ya tumbaku."

"Mkulima?"

"Hapana. Hajawahi kupanda tumbaku hata shina moja."

"Alikuwa ameajiriwa?"

"Hapana."

"Mnunuzi?"

"Hapana."

"Sasa mama," akaegemea kiti chake, akawageukia wenzake apate mashahidi, "si ndiyo maana yake hana?"

Kwenye benchi mtu akacheka. Hakucheka sana, alicheka kile kicheko cha mtu aliyechoka kusubiri. Lakini kilinitosha. Niliingiza mkono dirishani, nikachukua kalamu yake, nikakata lile neno kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika. Mtoto akaanza kulia. Mlinzi akaja. Kijana akasimama, anasema nimeharibu nyaraka za ofisi, kama nina malalamiko niandike barua kama watu wengine. Nikamwambia nitaiandika. Nikamrudishia kalamu yake. Nikatoka.

Barua nimeiandika, na iko mwishoni mwa haya. Lakini barua ya ofisi haina nafasi ya mwaka mzima. Na ukweli ni kwamba yule kijana alipata nusu tu ya hasira zangu. Nusu nyingine ilikuwa ya mtu mwingine, nami nitamtaja kwa jina lake mahali pake.

Nilikwenda kukaa na Shangazi Otilia, dada wa baba, baada ya matokeo ya kidato cha nne kutoka na jina langu kukutwa mahali ambapo hakuna mtu aliyenipongeza. Alikuwa amepanga Mfaranyaki, kwenye nyumba ya vyumba sita inayozunguka ua mmoja, na yeye alikuwa na chumba kimoja na nusu. Ile nusu ilikuwa stoo ya mwenye nyumba aliyoikata kwa pazia la maua makubwa mekundu. Nililala nyuma ya pazia hilo mwaka mzima. Mpaka leo nikipita dukani nikaona kitambaa chenye maua ya namna ile, pua yangu inaleta harufu yenyewe bila kuombwa: tumbaku ya moshi, ile inayokaushwa kwa magogo kwenye mabani, vile vibanda vya kukaushia vya Namtumbo, harufu kama ya nyama iliyobanikwa pamoja na asali iliyoungua. Ilikuwa kwenye blanketi, kwenye sukari, kwenye nywele zangu. Siku za mwanzo iliniumiza kichwa. Nilipoondoka nilikaa wiki nzima sipati usingizi kwa kuikosa.

Kila asubuhi Shangazi aliniamsha kwa kunigusa kisigino, hakuita jina. Maji ya chai yenye tangawizi yalikuwa tayari kwenye jiko la mkaa, na kwenye sahani muhogo wa kuchemsha umefunikwa kwa sahani nyingine. Tulikula tumesimama, kwa sababu ya baridi. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Songea inaingia mpaka kwenye meno. Milima ya Matogoro huioni, unaona weupe tu mahali ambapo milima ilikuwapo jana. Halafu tunatoka kwa miguu kwenda kwenye ghala la tumbaku, ambalo silitaji jina kwa kuwa lenyewe halipo tena, na nje ya geti kuna wanawake wamejifunga khanga mbili mbili, wanapiga miguu chini. Ilibidi tuwahi kabla jua halijapata nguvu. Jani la tumbaku lililokauka asubuhi lina unyevu wa hewa, linakunjika kama ngozi. Ukilishika saa sita mchana linavunjika mkononi, na jani lililovunjika halina daraja.

Jioni tulikula ugali na usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, waliokaangwa na nyanya, na hapo ndipo majirani walipopata cha kucheka. Shangazi alikula ugali kwa kijiko. Mwanamke mtu mzima, Mngoni, anamega ugali kwa kijiko! Mama Zuhura wa chumba cha tatu, mtu wa Tunduru, aliyefanya naye kazi ghalani miaka mingi, hakumwacha hata siku moja.

"Jamani, njooni muone Mzungu wetu anakula."

"Niache, Mama Zuhura. Vidole vyangu vichungu."

"Vioshe!"

"Nikivisugua vinapoteza macho."

"Nyie Wangoni ninyi! Mikono ya wenzenu ina kucha, yenu ina macho."

"Ninyi wa Tunduru macho yenu yako kwenye korosho tu, ya nini kuwapa mengine?"

Mama Zuhura angecheka mpaka ashike ukuta. Lakini Shangazi hakuwa anatania. Tangu msimu ufunguliwe mpaka ufungwe hakupaka mafuta mikononi, hakutia vidole kwenye kitu cha moto, hakusugua nguo kwa vidole, nilifua mimi. Vidole vilikuwa vya ghala. Jumapili moja baada ya misa alinifunga macho kwa mtandio, akanipa majani matatu. "Usinuse. Gusa." Nikagusa. Kwangu yote yalikuwa majani. Akaniambia la kwanza limetoka chini ya mmea, ni jembamba na lina mchanga. La pili ni la katikati, lina mwili. La tatu ni la juu, zito, lina gundi. Halafu akalichukua moja akalisugua karibu na sikio langu. "Sikiliza sasa. Likilia sana, limekauka kupita kiasi. Likinyamaza kabisa, mtu kalinyunyizia maji ili lizidi uzito, na ndani ya mtumba, lile robota la majani, litaoza liozeshe na wenzake." Nilimuuliza alijifunza wapi. Akasema hakujifunza, alishika tu, miaka mingi, na kila alilokosea alilikumbuka.

Hebu nieleze alichokuwa anafanya ghalani, maana ndiyo kesi yenyewe. Kulikuwa na mteuzi, bwana mrefu mwenye miwani, mwenye mafunzo na cheti, ambaye kazi yake ni kusimama mbele ya kila mtumba wa tumbaku ulioletwa na wakulima na kuutajia daraja. Daraja ndilo lililoamua mkulima aondoke anacheka au aondoke ameinama. Shangazi alitangulia mbele yake hatua tatu. Alizamisha mkono ndani ya mtumba, tumboni kabisa, mahali ambapo mkulima mjanja huficha majani mabaya, akachomoa jani moja akaliweka juu. Hakusema kitu, mwanamke wa kutwa hakuruhusiwa kusema mbele ya mteuzi. Lakini nilipokaa wiki ya pili niligundua. Akiweka jani kikonyo kikimwelekea mteuzi, mtumba ni safi, taja unavyoona. Akiligeuza, ncha ikimwelekea mteuzi, maana yake tazama tena. Na mteuzi alitazama jani kwanza, halafu ndipo akatazama tumbaku. Msimu ule wote sikuona hata mara moja ametaja daraja zuri mbele ya ncha. Wakulima kutoka Namtumbo walilijua hilo. Walimsalimia mteuzi kwa kuinama kidogo, na Shangazi walimpa shikamoo, hata wale wenye umri wa kumzidi.

Karani wa ghala alikuwa na kazi nyingi na mwandiko mbaya. Aliposikia kwamba mimi ni fomu foo, akanitoa kwenye kufagia akanipa kalamu. Nadhani sijawahi kufurahi vile. Wanawake wakaanza kuniita Karani Mdogo, na nilipopita niliitembeza ile kalamu kama mtu aliyebeba mwenge. Kazi yangu ilikuwa kuandika kadi mpya za vibarua. Kadi zilichapwa kwa Kiingereza, sijui kwa nini, wakati mle ndani hapakuwa na mtu aliyekizungumza: NAME, VILLAGE, JOB. Wanawake walipita mezani mmoja mmoja. Karani alisimama nyuma yangu anataja, mimi naandika: mfungaji, mfagiaji, mpangaji wa majani, mbebaji. Yote nikayatafuta kwa Kiingereza changu cha shule na yote nikayapata, au nikapata kinachofanana. Nilijisikia nimeelimika kuliko mtu yeyote mkoani Ruvuma.

Kisha akafika Shangazi. Alisimama mbele yangu kama wenzake, mikono ameiweka nyuma, hanitazami usoni ili asinipe aibu ya undugu. Karani alikuwa ameitwa nje kidogo. Nikamfuata mpaka mlangoni. "Huyu niandike nini?" Akajibu bila kugeuka, "Andika anachofanya."

Nikarudi kukaa. Anachofanya? Anatembea. Anashika majani. Anayageuza. Kiingereza chake ni nini? Kwenye kitabu chetu cha shule, somo la kazi za watu lilikuwa na picha: daktari, mwalimu, rubani, mwanasheria. Hapakuwa na picha ya mwanamke mwenye mkono ndani ya mtumba. Ningeweza kuandika kwa Kiswahili tu, anajua tumbaku, basi, nani angenipiga? Lakini nilikuwa Karani Mdogo, na Karani Mdogo haandiki Kiswahili kwenye kadi ya Kiingereza. Ningeweza kurudi mlangoni kuuliza tena. Lakini ningeonekana sijui. Na nitasema jambo ambalo sijawahi kulisema: kulikuwa na kitu kingine chini ya hayo. Niliamini kwamba kazi ni ile ya kwenye picha. Mwalimu ana kazi. Nesi ana kazi. Shangazi yangu anakwenda kibaruani. Wenzake niliwaandikia kwa sababu karani aliwataja. Kwa Shangazi niliachiwa niamue mwenyewe, na nilichoamua ni kuchora mstari mmoja, mfupi, ulionyooka, mbele ya neno JOB. Nikampa kadi yake. Akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu kuliko mtu asiyejua kusoma anavyopaswa kuitazama, akasema, "Asante, mwanangu," akaenda.

Msimu ulipokaribia kuisha, yule mteuzi mrefu alihamishwa. Wiki mbili baadaye meneja akatangaza kwamba ghala litachukua wanawake kumi na wawili wa kudumu, wa mwaka mzima, msimu uwepo usiwepo. Ua mzima wa Mfaranyaki ulizungumza habari hiyo tu. Mama Zuhura alikwishaanza kupanga. "Otilia, wewe ni wa kwanza. Ukishaingia humo, univute." Nami nilimwona Shangazi Jumamosi ile ananyoosha gauni la kanisani kwa pasi ya mkaa, na ilikuwa Jumamosi ya kawaida isiyo na sikukuu. Alikuwa na umri wa kuhesabu misimu iliyobaki kwenye magoti. Kila mwaka baridi ya getini ilimchukua kifua. Kudumu maana yake ilikuwa kutosimama getini tena.

Majina yakasomwa Jumatatu. Mama Zuhura alikuwemo, mfungaji. Wafagiaji wawili walikuwemo. Meneja alifika jina la kumi na mbili, akakunja karatasi. Mama Zuhura, asiyeogopa mtu, akapaza sauti, "Na Otilia?" Meneja akapekua kadi, akaipata, akaiinua tuione wote. "Kadi ya mama huyu haina kazi. Siwezi kumwajiri mtu ambaye hana kazi anayofanya." Mteuzi mpya alikuwa pale pale, kijana, hakuwahi kuona jani likigeuzwa. Karani akatazama chini. Nami nilikuwa na kalamu mkononi. Nilikuwa na kalamu mkononi na ulimi mdomoni, na sikutumia kimojawapo.

Jioni ile Mwalimu Faustini alikula nasi. Alikuwa mpangaji wa chumba cha mbele, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mzee wa suti ya kaunda, mwenye kamusi iliyopoteza majalada yake yote mawili na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Shangazi alimpakulia, akajipakulia, akachukua kijiko chake. Halafu akatoa kadi kifuani, akampa. "Mwalimu, nisomee."

Mwalimu akavaa miwani. Akasoma jina. Akasoma kijiji. Akaisogeza kadi karibu na macho. Mwandiko wangu aliujua, kwa kuwa alinisahihishia barua zangu za kuomba vyuo. Aliinua macho akanitazama mara moja tu, sekunde ngapi sijui, nami nikashika bonge la ugali mkononi bila kulipeleka popote.

"Hapa wameacha wazi," akasema.

"Hapo pameandikwa neno gani kabla ya huo uwazi?"

"Job."

"Ndiyo nini?"

Nilidhani atasema kazi, amalize. Badala yake akafungua mpira wa baiskeli, akafungua kamusi, na nadhani mpaka leo kwamba alifanya hivyo kunificha mimi, alijenga ukuta wa maneno nijifiche nyuma yake. "Otilia, hili neno unaloliona kubwa hivi lilianza maisha yake likiwa dogo sana. Waingereza wenyewe hawana uhakika lilitoka wapi. Wapo wanaosema linatokana na neno lao la zamani la bonge, donge la kitu, kama hilo alilolishika Adela hapo halili. Walikuwa wanasema job ya kazi, yaani kipande cha kazi. Kapasue zile kuni. Kazibe lile paa. Ukimaliza, nenda zako. Mtu wa job hakuwa mtu wa maana, alikuwa mtu wa vipande. Wakubwa walikuwa na maneno yao mengine ya heshima. Baadaye sana, sana, ndipo neno hili likavalishwa tai likaingia ofisini."

Shangazi alitafuna polepole. "Kumbe ni kibarua."

"Ni kibarua hasa. Na kibarua chenyewe kilitoka wapi? Si kwenye ile karatasi ndogo, kijibarua, walichopewa watu wa kazi za kutwa?"

"Baba alikuwa nayo," Shangazi akasema. "Alikwenda Tanga, kwenye mkonge. Alirudi nayo imekunjwa hivi. Wao waliiita kipande. Siku ukifanya kazi wanaiwekea alama, usipofanya hawaweki."

"Unaona?"

"Naona. Kwa hiyo wale kumi na wawili na mimi tulitoka mlango mmoja."

"Ukifuata asili ya neno, mwenye job ni wewe. Wao wameazima."

Shangazi akacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, sikukitegemea. "Wazungu wanapenda kugawa vitu. Kwetu kazi yoyote ni lihengu tu. Kufagia lihengu, kutawala lihengu." Akachukua kadi, akairudisha kifuani. "Adela, kula. Unalipoza bonge la watu." Ndiyo yalikuwa yote. Hakuuliza nani aliacha wazi. Nilimeza lile bonge, nikajiambia nitamwambia kesho. Mwaka uliofuata nilipata nafasi ya kujifunza kufuma masweta kwa mashine, nikahama. Nikaolewa, nikazaa, nikampa mwanangu jina la Shangazi. Kesho ile sikuifikia.

Ghala lilifungwa miaka michache baadaye, na wale kumi na wawili wa kudumu wakarudi nyumbani kama wengine. Shangazi ndiye ambaye hakukaa bure. Wakulima wa Namtumbo waliendelea kumfuata Mfaranyaki, mmoja mmoja, na majani machache yamefungwa kwenye gazeti, wanataka kujua tumbaku yao ina daraja gani kabla hawajaipeleka kuuzwa, wasije wakadanganywa. Alikaa kwenye kigoda uani, akafumba macho, akagusa, akasikiliza. Nilimwona akifanya hivyo msimu huu uliopita, kifua kinapiga filimbi, blanketi mabegani, mwanangu anatambaa miguuni pake akitaka kula majani. "Mwondoe wajina wangu," akasema. "Huyu atakuwa mteuzi, anaanza na kuonja."

Siku tulipomwandaa kwa mazishi, wanawake walimpaka mafuta mikononi. Ni desturi tu, hawakuwa na nia mbaya, lakini nilitaka kuwazuia. Mikono ile iliyokaa mikavu misimu yote ikang'aa kama ya mtu mwingine. Mama Zuhura alikaa pembeni yangu ameshika tasbihi yake. Baada ya mazishi, tulipokuwa tunaosha sufuria uani, nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia kila kitu: kadi, mstari, mimi.

Hakuacha kusugua sufuria. "Alijua."

"Alijua nini?"

"Kwamba ni wewe. Alijua siku ile ile mezani. Aliniambia wakati tunarudi nyumbani. Anasema, kwa wenzangu wote kalamu ilikuwa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka. Kwangu ilipita mara moja, kwa ubavu, ikasimama."

"Kwa nini hakuniuliza?"

"Mimi ndiye nilimwambia akuulize! Nilimwambia nitakwenda mwenyewe nikunyang'anye hiyo kalamu nikuchape nayo. Akanikataza. Akasema, mwache, mwanangu ana mwandiko mzuri, ila tumbaku haijui." Hapo ndipo akaacha kusugua, akajifuta uso kwa mkono wenye masizi. "Halafu akaniambia, atakapojifunza atasahihisha mwenyewe."

Kadi tuliikuta kwenye kopo la majani ya chai, pamoja na rozari na picha ya ubatizo wa mwanangu. Nimekaa nayo wiki hizi, hapa Mfaranyaki kwenye chumba chake. Mstari wangu haujafifia. Kalamu ya ghala ilikuwa nzuri. Ndiyo maana nilipoliona lile neno kwenye karatasi ya dirishani, sikuona mwandiko wa yule kijana. Jana nimemwachia mtoto Mama Zuhura, nikavaa sweta langu zuri, nikarudi kwenye ofisi ile kwa mara ya nne. Nimesimama dirishani mpaka barua yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa, nakala moja kwao, moja kwangu. Inasema hivi:

Mfaranyaki,
Songea.

Mkuu wa Ofisi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU NENO "HANA" KWENYE KISANDUKU CHA KAZI YA MAREHEMU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Adela, mfumaji wa masweta, mtoto wa kaka yake marehemu Otilia. Nalalamika kwamba mtumishi wa ofisi yako ameandika kwamba marehemu hakuwa na kazi, na nilipomwambia alikuwa nayo alitaka nimtajie mwajiri. Kisanduku chenu hakijauliza mwajiri. Kimeuliza kazi.

Marehemu alikuwa mteuzi wa tumbaku. Hakuwa na cheti. Alijua kwa kugusa na kwa kusikiliza jani limetoka sehemu gani ya mmea, limekaushwaje, na kama limetiwa maji. Aliifanya kazi hiyo ghalani kwa misimu mingi, na baada ya ghala kufungwa aliifanya nyumbani kwake mpaka msimu huu. Wakulima wa Namtumbo wako tayari kuja kushuhudia, na mwenzake wa kazi, Mama Zuhura, amesema atakuja hata kama hamjamwita.

Kuhusu karatasi niliyoichana, naomba radhi. Kalamu niliirudisha.

Naomba neno "Hana" liondolewe na paandikwe: Mteuzi wa tumbaku. Siombi msaada. Naomba sahihisho, nami nitakuja kila siku mpaka lifanyike.

Natanguliza shukrani.

Adela

Kiambatisho: Kadi ya ghala ya marehemu. Ofisi izingatie kwamba mtumishi wenu si wa kwanza kukosea. Mstari ulio mbele ya neno JOB niliuchora mimi.